Faili Niliyoogopa Kuihamisha

Kwa miaka mitatu nilitukanwa na kompyuta yangu mwenyewe. Nilipoiwasha tu, kabla hata sijaona faili zangu, ilinitolea ujumbe kwamba mfumo wake umepitwa na wakati, kwamba waliouunda wameacha kuutunza, na kwamba nikiendelea kuutumia basi lolote litakalonipata nisimlaumu mtu. Chini ya maneno hayo palikuwa na vitufe viwili. Kimoja kilitaka nianze kubadilisha, kingine kilisema nikumbushwe baadaye. Nilibonyeza hicho cha baadaye siku zote, kwa hasira, kama mtu anayefukuza kuku jikoni.

Niseme mapema, maana wengi walinidhania mkaidi. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Keroka, umri wangu umepita hamsini, na kompyuta niliijua kabla ya wengi wa hao walionicheka. Yangu ni ile ya mezani, kava lake jeusi, lile sanduku lenye mashine yenyewe, linavuma kama kinu cha kusaga mahindi, na imekaa sebuleni kwangu juu ya meza aliyonitengenezea baba. Sikukataa kubadilisha mfumo kwa ujinga. Nilikataa kwa sababu ndani yake mlikuwa na ukurasa mmoja na nusu wa maneno ya baba yangu, na niliambiwa kwamba mfumo ukibadilishwa, ukurasa huo unaweza kupoteza kitu pekee kilichoupa nguvu, yaani tarehe ulipoandikwa.

Baba alikuwa karani wa kituo cha majani chai kwetu Nyamira. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mizani, kupima vikapu vya wakulima na kuandika kilo kwenye daftari. Mkulima akileta ubishi kesho yake, baba hakubishana naye. Alifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari, akanyamaza. Mpaka mkulima aondoke. Mtu aliyelelewa na baba wa namna hiyo hukua akiamini kwamba kilichoandikwa kimekwisha, hakuna wa kukipindua. Mimi niliamini hivyo mpaka juzi juzi, na kwa kuamini huko najiona mpumbavu wa kwanza katika ukoo wetu.

Alipozeeka na kuugua alikuja kukaa kwangu, kwa sababu kutoka Keroka ni rahisi kufika Kisii kwa daktari. Ilikuwa likizo ya Aprili. Mvua ya saa nane ilikuwa ikinyesha kama kawaida yake, sisi wawili tumefungiwa ndani, na mimi nilikuwa nikiandika mtihani wa kidato cha pili. Baba akavuta kiti chake mpaka kando ya meza, akaitazama skrini kwa muda.

"Mwalimu," akaniambia. Hakuwahi kuniita jina tangu nihitimu chuo. "Weka hiyo ya watoto kando. Nataka uandike yangu."

Nikafungua ukurasa mpya. Alisema kwa Ekegusii, polepole, akisubiri kila sentensi iishe kama alivyokuwa akisubiri mizani itulie. Mashamba ya chai aliyagawa kwa ndugu zangu wanne, kila mmoja na mipaka yake, mti kwa mti, mfereji kwa mfereji. Hayo hayakunishangaza. Kisha akafika kwenye emonga. Emonga ni shamba ambalo mwenye boma hujiwekea mwenyewe, lisilohesabiwa kuwa la mke wala la mwana yeyote, na akifa ndilo wanalolimezea mate wote. Akasema sehemu ya chini ya emonga, ile inayogusa mto, ni ya binti yake mwalimu, ajenge nyumba, na siku yake ikifika azikwe hapo.

Niliacha kuandika. Nililia, sioni haya kusema, na baba akajifanya anatazama mvua.

Asiyejua kwetu atauliza kinacholiza hapo ni nini. Kwetu mwanamke huzikwa kwa mume. Ikiwa aliozwa kwa ng'ombe, huzikwa kwa yule aliyewatoa ng'ombe hao, hata kama waliishi wakichukiana. Lakini ng'ombe wakirudishwa, ndoa imekufa, na huyo mwanamke hana tena boma. Ndugu zake wakiwa na roho nzuri humpa kona ya shamba azikwe. Wakiwa na roho nyingine humchimbia shimo nje ya ua, mahali pasipolimwa, na maneno ya mazishi yanafupishwa.

Mimi niliolewa Marani. Nilipigwa miaka mitano, na mwaka wa sita nikarudi nyumbani na mtoto mgongoni. Baba hakuniambia nivumilie. Alikusanya ng'ombe, idadi ile ile aliyopewa, akawaswaga mwenyewe kuwarudisha, akasema binti yake si ngoma. Nilimpenda kwa hilo kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. Lakini siku ile ile aliyoniokoa ndiyo siku niliyokosa mahali pa kuzikwa, na sisi wote wawili tulilijua bila kulitamka kwa zaidi ya miaka ishirini. Ndiyo maana nililia.

Tulipomaliza nikataka kuchapisha, ili atie sahihi. Akakataa katakata. Mzee anayeandika habari za kifo chake akiwa hai, akasema, watu watasema anajiitia kifo, au kuna mtu anamharakisha. Na karatasi ikionekana nyumbani kwangu, ndugu zangu watasema nimemlisha maneno.

"Wacha ikae humo ndani," akasema, akaligonga kava la kompyuta. "Humo hakuna panya. Na usimwambie mtu. Mimi pia sijamwambia mtu."

Halafu akauliza, je, sahihi yake ataweka wapi. Nikamweleza kwamba hapo hapana mahali pa sahihi. Hakuridhika. Alinyoosha kidole chake, akachagua herufi moja, akaibonyeza bila kuinua, na ile herufi ikajiandika na kujiandika mpaka ikajaza mstari mzima chini ya maneno yake. Akasema basi, hiyo ndiyo alama yake. Sikuifuta.

Leo nikikumbuka najiuliza akili yangu ilikuwa wapi. Mtu mzima, msomi, ninayewafundisha watoto wa watu haki zao, nilishindwa kumwita wakili mmoja. Nilishindwa hata kumwita jirani aje asikie. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Binti anayeomba shamba kwetu anaonekana mroho, na binti aliyerudi kutoka kwa mume anaonekana mroho mara mbili. Nilitaka kupewa bila kuonekana nimeomba.

Baba akarudi Nyamira mwezi wa tano, akalazwa, akafa kabla Agosti haijaisha. Tulimzika vizuri, kwaya ikaimba, ndugu yangu mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa na ndiye anayekaa kwenye boma la baba, akahubiri juu ya umoja wa familia. Nilipomgusia habari ya mashamba aliniambia hakigawanywi kitu kabla ya mwaka. Tutakutana Desemba ya mwaka unaofuata, wakati wote wako nyumbani. Sikumwambia nina nini. Niliogopa wakijua mapema watajiandaa kunipinga. Nilitaka niwafungulie mbele ya wote, niweke kidole kwenye mstari, ninyamaze.

Ni baada ya hapo ndipo ule ujumbe ulipoanza.

Mwanzoni sikujali. Kisha tovuti tunayotumia kuingiza alama za wanafunzi ikaanza kuikataa kompyuta yangu. Nikaenda kwa fundi. Huyu ni mtu mzima mwenzangu, mvi zimemwingia ndevuni, ametoka pande za ziwani na ameoa huku kwetu. Duka lake ni dogo, liko nyuma ya soko la ndizi, na tunaongea Kiswahili kwa sababu Kidholuo changu ni cha salamu tu. Alilifungua kava, akalipuliza vumbi, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hii mashine ni mzee. Kukubali mfumo mpya juu ya ule wa zamani, haiwezi. Nitafuta kila kitu nianze mwanzo. Vitu yako nitaweka kwa flashi, halafu nikurudishie."

"Vitarudi vilivyo?"

"Vitarudi. Hakuna kitu itapotea."

Nikamuuliza kuhusu tarehe. Nilikuwa nimeona kwamba ukiibonyeza ile faili kwa upande wa kulia, kompyuta inakuonyesha siku na saa ilipozaliwa. Ya baba ilikuwa na tarehe ya ile Aprili, saa tisa kasoro ya alasiri, wakati wa mvua. Fundi akakuna kidevu.

"Hiyo sasa siwezi kukuapia. Saa zingine ukihamisha, inaandika siku ya kuhamisha. Nani ataangalia?"

Nani ataangalia! Nilimwona ndugu yangu mkubwa akiangalia. Nilimwona akiinama, anasoma kwamba faili imezaliwa miezi baada ya mazishi, anawageukia wenzake na kusema, mnaona, dada ameketi kwake akajiandikia shamba. Nikamwambia fundi arudishe kifuniko. Nikalipakata kava langu mpaka nyumbani kwa bodaboda.

Hivyo ndivyo nilivyoamua, na uamuzi huo ulinila taratibu. Kununua kompyuta nyingine kulikuwa nje ya uwezo wangu, karo ya chuo ya binti yangu ilikuwa imenibana. Nikawa naingiza alama kwenye saiba, duka la kompyuta za kukodi, karibu na stendi, nikipanga foleni na wanafunzi wangu mwenyewe. Wananiamkia kwa heshima, kisha nawasikia nyuma yangu wakichekelea mwalimu asiye na kompyuta. Siku intaneti ya saiba ikikatika, alama zangu zinachelewa. Zilichelewa muhula mmoja, zikachelewa wa pili. Naibu wa mwalimu mkuu akaniita ofisini, mtu niliyempokea shuleni akiwa kijana wa mazoezi ya ualimu, akaniuliza kama ninahitaji msaada wa "mambo ya kisasa". Nikamwambia sihitaji. Ukuu wa idara ya mitihani, ambao kila mtu alijua ni wangu kwa zamu, alipewa mwingine. Katika mkutano wa walimu walisema wanataka mtu anayekwenda na wakati. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Binti yangu alikuwa akinipigia simu kutoka Nairobi. Hakujua lolote kuhusu ile faili, maana niliahidi kutomwambia mtu, nikatimiza ahadi kama mjinga.

"Mathe, hiyo kompyuta ni ya museum. Si ubadilishe tu? Ni kitu ya dakika."

"Nitabadilisha."

"Lini?"

"Desemba."

Desemba ya kwanza, ndugu yetu wa tatu hakupata ruhusa kazini, kikao kikaahirishwa. Desemba ya pili mvua iliharibu daraja la kwetu, wakasema wazee hawawezi kufika, ingawa wazee hao niliwaona kanisani Krismasi, viatu vikavu. Kila mara ndugu yangu mkubwa alinipigia kwa upole akisema, dada yetu, tusiharakishe, tutakumbushana. Nilikuwa nikikata simu ile, nakwenda kuwasha kompyuta, nayo inaniuliza kama inikumbushe baadaye. Kuna siku niliipiga kofi.

Na bado niliitunza. Nilikuwa nimeacha kuiunganisha na intaneti kabisa, kwa kuogopa isije ikajibadilisha yenyewe bila ruhusa yangu. Siku ya radi nilichomoa waya zote. Wageni walipokuja na watoto nililihamishia kava chumbani. Mara moja kwa wiki niliiwasha, nasubiri robo saa mpaka itulie, naifungua ile faili, nasoma tarehe, naifunga. Maneno yenyewe nilikuwa nimeacha kuyasoma. Nilisoma tarehe tu.

Desemba ya tatu wakanipa siku. Nilikodi gari dogo, nikalifunga kava kwa leso mbili, skrini nikaipakata mapajani, na dereva akaniuliza kama nahama. Tulifika Nyamira saa nne asubuhi. Nilipopita kando ya emonga, ambako sikuwa nimefika tangu mazishi, nilisimamisha gari. Sehemu ya chini ilikuwa imepandwa mikaratusi, imekwisha kupita paa la nyumba kwa urefu. Mkaratusi haurefuki hivyo kwa mwaka mmoja. Niliitazama, nikajiambia watu hupanda miti popote, miti hukatwa. Nikaingia garini.

Kikao kilikuwa sebuleni mwa nyumba ya baba. Ndugu zangu wanne walikaa kwenye viti vya kochi, baba mdogo, ndugu ya baba aliyebaki, akaketi katikati kama mwenyekiti. Wake za ndugu zangu walileta chai na ndizi za kuchemsha, wakasimama mlangoni. Baba mdogo aliomba, akamshukuru Mungu kwa kutufikisha, akaomba roho ya mafarakano isituguse. Sote tukaitikia amina.

Nilipolifungua kava kwenye leso, ndugu yetu wa Nairobi akacheka. "Dada umetuletea sinema?"

"Nimemleta baba," nikasema. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu hilo.

Hawakucheka tena. Nikachomeka waya, nikabonyeza, ikaanza kuvuma. Niliwaeleza, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba baba alipokuwa kwangu aliniandikisha mgawanyo wa mali yake, mimi nikiwa mkono wake tu, na kwamba siku na saa ya kuandika vimo humo humo, mtu yeyote atavisoma mwenyewe. Kisha ikabidi tusubiri, maana mashine ilikuwa nzito kuliko kawaida. Dakika tano zikapita. Watu wakamenya ndizi. Ule ujumbe ukatokea, herufi kubwa, na ndugu yetu wa Nairobi akausoma kwa sauti.

"Mfumo huu umepitwa na wakati. Dada, hata mashine yako inakuambia ukweli."

Mmoja wa wake mlangoni akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kanga. Nikabonyeza kitufe changu cha siku zote, nikasubiri tena. Ndipo ndugu yangu mkubwa akaweka kikombe chini.

"Zima hiyo, dada yetu," akasema.

"Subiri. Inafunguka."

"Zima tu. Hakuna anayebishana na wewe hapa. Mzee alisema, sisi tunajua alisema."

Nilimwuliza anajua nini.

"Alipotoka kwako alituita sote wanne, chumba hicho hicho hapo nyuma. Akasema emonga, sehemu ya chini ya mto, ni yako. Nyumba na kaburi. Tukamjibu ndiyo, mzee."

"Mlimjibu ndiyo."

"Ulitaka tumjibuje? Mtu mgonjwa vile?"

Alisema bila ubaya. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Hakunikejeli, hakukwepa macho yangu, alinieleza kama mtu anavyomweleza mgeni njia. Nikamgeukia baba mdogo. "Na wewe ulikuwepo?"

Alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. "Nilikuwepo, mwanangu. Lakini mambo ya shamba ni ya wanaume wa boma. Wewe ni mtu umesoma, unaelewa."

Ile mikaratusi waliipanda wiki ya pili baada ya mazishi. Hilo nalo ndugu yangu mkubwa alinieleza, kwa sauti ile ile. Mbao zake zilikuwa zimekwisha kugawanywa kwa maneno, kila mmoja na mistari yake.

Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka mitatu kuthibitisha kwamba baba alisema. Nilikuwa na tarehe, nilikuwa na saa, nilikuwa na mstari mzima wa herufi aliyoibonyeza kwa kidole chake. Sikuwa nimejiandaa kwa watu wanaokubali kwamba alisema. Nikauliza swali nililoapa sitawauliza kamwe.

"Basi mimi mtanizika wapi?"

Walitazamana. Nadhani waliona nimewaaibisha kuuliza jambo kama hilo mbele ya chai.

"Hatuwezi kukutupa, wewe ni damu yetu," akasema ndugu yangu mkubwa. "Tutakutafutia mahali. Kuna pale nje ya ua, karibu na barabara. Ni pazuri. Hata gari la maiti linafika bila shida."

Mbele yangu kompyuta ilikuwa imemaliza kuamka, faili zangu zimejipanga zote, ya baba ikiwa ya kwanza juu kushoto. Sikuifungua. Nikachomoa waya ukutani bila kuizima, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikafunga leso zangu. Baba mdogo akasema tufunge kwa sala. Nilitoka wakiwa wamefumba macho.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa fundi kabla hajafungua duka. Nikamwambia aweke mfumo mpya. Aliiwasha, akauliza nini cha kuhifadhi, nikamwonyesha mitihani, picha za binti yangu, na ile faili.

"Hii ndiyo ile ya tarehe?"

"Ndiyo."

"Inaweza badilika, mwalimu. Nilikuambia."

"Wacha ibadilike. Walikuwa wanajua."

Alikuwa nusu ameinama juu ya kava. Alinyooka. Sikuwa nimewahi kumweleza habari ile kwa urefu, lakini ni mtu wa kwetu kwa kuoa, alijua kujaza palipobaki. Akasema pole, mara mbili, akanipa kiti. Kazi yenyewe ilichukua muda wa kunywa chai na mandazi. Miaka mitatu ya kuaibishwa saiba, na kazi ni ya chai na mandazi.

Sasa inawaka kabla sijaketi vizuri. Alama naingiza nyumbani, na naibu wa mwalimu mkuu amenipongeza mbele ya watu kwa kubadilika. Rafiki zangu wananiambia niende mahakamani, sheria ya nchi haibagui binti na mwana. Najua, hata darasani nimeitetea. Lakini hakimu hatakuja na jembe. Watakaochimba ni wale wanne, na watachimba wanapotaka wao.

Hasira yangu kwa ndugu zangu ni kubwa, lakini ina mwisho. Ile isiyonipa usingizi ni ya baba. Aliniambia hajamwambia mtu, nami nikamwamini, nikafunga mdomo hata kwa mtoto wangu. Kisha akaenda akawaambia wao, akapokea ndiyo yao, akijua fika ni ndiyo ya namna gani, maana aliwazaa yeye. Mimi alinipa maneno kwenye mashine, wao akawapa maneno kitandani, na hakutuketisha chumba kimoja hata siku moja. Mtu aliyeswaga ng'ombe mpaka Marani peke yake, mchana kweupe, aliwaogopa wanawe. Ningejua anaogopa ningemsaidia. Tungeogopa pamoja, tukamwita chifu.

Wiki iliyopita nilimweleza binti yangu yote, kwa simu, kutoka mwanzo. Aliponijibu hakutumia kile Kiswahili chake cha Nairobi. Aliongea Ekegusii, ambacho hukitumia mara chache, kwa shida kidogo, akitafuta maneno.

"Mama, siku hiyo ikifika, mimi ndiye watakayempigia simu. Nitawaambia wakupeleke wapi?"

Nikamwambia sijui.